Mtu Aliyeomba Aondolewe Kwenye Filamu

Laurentine Mutale alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na kwa miaka kumi na saba alikuwa akiishi kwa kupiga picha harusi za watu. Babu yake aliletwa Lubumbashi kutoka kaskazini mwa Katanga kufanya kazi ya reli. Baba yake alizaliwa hapa akafia hapa, na yeye mwenyewe hakujua mji mwingine. Studio yake ilikuwa chumba kimoja pale Kamalondo: pazia la buluu, kiti cha kupigia picha za kitambulisho, na meza yenye kompyuta ambayo mtaa mzima uliiita "masini". Hakuwa na msaidizi. Kamera aliibeba yeye, taa alizibeba yeye, kipaza sauti alikifunga kwa mpira juu ya kamera, na kazi ya kukata na kuunganisha picha aliifanya peke yake, mlango ukiwa nusu wazi. Wateja wa Golf, kule kwenye nyumba kubwa zenye bustani, walimpenda kwa sababu hakuwa na maneno mengi.

Filamu hii haikuwa ya wateja wa Golf. Msimu wa mvua uliotangulia, mama yake alishikwa na kipindupindu. Njia ya kwao Katuba ilikuwa imegeuka tope tupu, hakuna gari lililokubali kuingia. Watu wanne waliovaa jile za kijani, vile vizibao visivyo na mikono, walikuja na mkokoteni wa magurudumu mawili, wakamlaza mama juu ya turubai, wakamsukuma mpaka kwenye mahema ya matibabu. Mama akapona. Laurentine hakupata hata nafasi ya kuwauliza majina. Alikuwa anakimbia nyuma yao ameshika kiatu kimoja cha mama, na mpaka leo hajui kwa nini alikichukua kimoja.

Kwa hiyo papa Gérard Mukuka, muuguzi mstaafu aliyeongoza kundi lile, alipokuja studio kumwomba filamu ya nusu saa, ya kuonyesha parokiani na kwa watu wenye uwezo wa kusaidia, Laurentine alikubali kabla mzee hajamaliza kueleza.

Kundi liliitwa Mkono kwa Mkono. Walikuwa watu ishirini na kitu, na hakuna aliyelipwa. Walisukuma wagonjwa kwenye mkokoteni, walitia dawa kwenye maji ya visima vya nyumbani, na wagonjwa wasio na ndugu walikaa nao wakawalisha. Watu waliwaita kwa neno la Kifaransa, volontere.

Tangu siku za kwanza Laurentine alichanganyikiwa. Harusi ina utaratibu wake, unajua pete inakuja saa ngapi na keki inakatwa saa ngapi. Huku hakuna aliyemngoja. Siku ya tatu, kwenye uchochoro mmoja wa Katuba, volontere mmoja aliteleza na mgonjwa akaanza kuinama upande mmoja wa mkokoteni. Mtu akapiga kelele, "Mama, shika hapa!" Laurentine akaiweka kamera juu ya ukuta wa kisima, akashika. Alishika mpaka kwenye mahema. Aliporudi, kamera ilikuwa bado inarekodi. Alikuwa amepata saa nzima ya mawingu, na mguu wa kuku uliopita mara mbili.

Akamuuliza papa Gérard kama siku ile alikuwa amefanya kazi au ameiacha kazi.

"Vyote ni kazi," mzee akajibu, akaendelea kuhesabu chupa za dawa.

Jibu hilo halikumsaidia kitu.

Wiki ya pili kamera yake ilianza kumfuata mtu mmoja bila yeye kupanga. Aliitwa Faustin Ngosa. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mrefu, mwenye mabega ya mtu aliyezoea chuma. Kila asubuhi alifika kabla ya wenzake, amevaa salopeti, yaani ovaroli, ya buluu ya wafanyakazi wa migodi na kofia ngumu kwapani. Alikwenda nyuma ya ghala la kundi, akaivua salopeti, akaikunja vizuri kama nguo ya Jumapili, akavaa jile ya kijani. Siku moja Laurentine alimpiga picha akibadilisha nguo hivyo, kwa sababu tu mwanga wa asubuhi ulikuwa mzuri ukutani.

Faustin alikuwa na namna yake ya kusukuma mkokoteni. Alimwambia mgonjwa kila shimo kabla halijafika.

"Sasa shimo inakuja, mama, shika muzuri. Njo ile. Imepita. Ingine iko pale mbele, ku ile nyumba ya mulango ya kijani, lakini ile ni ndogo, ni mutoto yake."

Kuna bibi mmoja alicheka na ndoo ya kutapikia iko mapajani mwake. Kuna msichana aliyeitwa Lydie, hana nguvu hata ya kufumba mdomo, Faustin alimwinua mikononi kama mtu anayeinua sahani iliyojaa mchuzi. Na akiwa hasemi, aliimba wimbo wa kanisani kwa Kibemba, taratibu, bila kujua kwamba anaimba. Baada ya miezi miwili Laurentine alikuwa na picha za saa thelathini na nane, na zile zilizokuwa na uhai ndani yake zilikuwa za Faustin.

Siku moja mchana, wakati volontere wanaosha mabuti, Faustin alimjia.

"Mama Laurentine, minakuomba kintu kimoja. Uniondoshe mu ile filme."

"Nikuondoshe namna gani?"

"Yote. Uso, sauti, jina. Kama vile sikukuwa pale."

"Ba Faustin, ile filme yote ni weye."

"Minajua. Njo maana ninakuomba mapema."

Hakusema sababu. Akachukua mabuti yake akaenda.

Laurentine alirudi studio akakaa mbele ya masini. Akafungua picha za kwanza, akaanza kumwangalia Faustin upya, na jambo la ajabu likatokea: kila kitu alichokuwa amekiona kizuri kikaanza kumtia shaka. Kwa nini anafika kabla ya wengine wote? Anatafuta nini ghalani peke yake? Kwa nini kamera ikigeuka ghafla yeye hugeuza uso upande? Labda anatafutwa. Labda alimuumiza mtu mahali fulani, na huku anajificha chini ya jile ya kijani. Akamtazama akimlisha mzee asiye na ndugu, kijiko kwa kijiko, akajikuta anamchunguza mkono kama polisi. Kisha akaona aibu, akazima masini. Baada ya muda akaiwasha tena.

Kesho yake akamuuliza papa Gérard, kwa kuzunguka, Faustin ni mtu wa namna gani.

"Faustin? Ule ni mukono yangu ya kuume," mzee akasema. "Unauliza juu ya nini?"

"Bure tu, papa."

Mwisho alimfuata Faustin mwenyewe. Akamkuta nyuma ya ghala anakaza gurudumu la mkokoteni.

"Ba Faustin, nitakuondosha. Lakini uniambie sababu, kama si vile sitalala. Ulifanya kintu kibaya?"

Faustin akacheka kidogo, bila furaha. Akaiweka spana chini.

"Minamudanganya muke yangu," akasema.

Laurentine akafikiria mwanamke mwingine. Ikabidi Faustin aeleze.

Miaka minne iliyopita alikuwa fundi wa kuchomea vyuma kwenye kampuni ndogo iliyofanya kazi za mgodi. Kontra ya kampuni, yaani mkataba wake na mgodi, ikaisha, wafanyakazi wakarudishwa nyumbani siku moja wote. Jioni ile alifika kwake akawakuta kaka watatu wa mke wake sebuleni, wamekuja kutoka Pweto, na mke wake Albertine anawaeleza jinsi bwana wake anavyofanya kazi nzuri. Faustin akasema moyoni atamwambia wakishaondoka. Walikaa siku tisa. Kila asubuhi ya siku hizo alivaa salopeti, akachukua kofia, akatoka, akazunguka mji. Siku ya nne akipita Katuba aliona volontere watatu wanashindwa kumpandisha mgonjwa mzito kwenye mkokoteni. Akasaidia. Kesho yake akarudi kuuliza kama yule mgonjwa amepona. Keshokutwa wakampa jile.

"Na nyumbani?"

"Nyumbani najua tu kusema kampuni inachelewesha mushahara. Hapa Lubumbashi nani hatakubali? Jumamosi jioni natengeneza baiskeli za bantu, napeleka ile kidogo. Albertine njo analisha nyumba, na samaki yake ya Pweto. Hajauliza juu ya mushahara. Anafikiri ninachoka na kazi ya chuma."

"Lakini ba Faustin, si unafanya kintu kizuri? Mwanaume mwingine angekuwa ku pombe. Kwa nini unakificha kama mwizi?"

Faustin akaiokota spana tena.

"Minajiuliza vile vile," akasema. "Zamani nilificha kwa aibu ya kufukuzwa. Sasa ninaficha kwa aibu ya kuficha. Tena, mama, kuna siku ninafikiri kama ningekuwa na kazi, sitafika hapa. Na ninapenda kufika hapa. Sasa, ile ni uzuri, ao ni kukimbia? Usiniulize."

Laurentine akaahidi kunyamaza. Alitembea kurudi studio akiwa mzito zaidi kuliko alipokuja. Kama angeambiwa mtu huyu ni mwongo, angekubali. Kama angeambiwa ni mtu mwema, angekubali pia. Tatizo ni kwamba hakuna aliyekuja kumwambia.

Akaanza kumkata. Kazi ile ilichukua wiki tatu. Picha ya Lydie ikabaki mikono miwili iliyomnyanyua, bila mwenye mikono. Mashimo ya njiani yakabaki bila sauti ya kuyatangaza. Bibi yule aliyecheka akawa anacheka peke yake, na mtu asiyejua angedhani homa imempanda kichwani. Filamu ilikuwa inakwenda kwa kuchechemea, na Laurentine hakujua kama amekata mtu au amekata ukweli, wala kama hivyo viwili ni kitu kimoja.

Siku moja mchana alikuwa akilinganisha picha ya zamani na mpya, Faustin yuko wazi kwenye kioo cha masini, amembeba Lydie. Pazia la mlango likasogea. Akaingia mama mmoja wa soko, kitenge cha rangi ya machungwa, ananukia samaki wakavu kwa mbali.

"Jambo, mama. Minataka foto ndogo, ya karte ya soko."

 Kisha akaiangalia masini.

"Ule si Papa Gracia?" akauliza. Gracia lilikuwa jina la binti yake wa kwanza. "Ule si bwana yangu?"

Mikono ya Laurentine ilikuwa juu ya meza, na angeweza kuizima masini. Hakuizima.

Albertine akasogea karibu, akainama mpaka pumzi yake ikafika kwenye kioo. Akamwangalia Faustin anavyomlaza yule msichana, anavyomfunika miguu. Uso wake ukafunguka taratibu.

"Kumbe njo kazi yake," akasema kwa sauti ya chini. "Kampuni ilimutia ku serivisi ya bagonjwa. Miye kila mara namuuliza, unatumika kazi gani kule? Ananiambia, vyuma, vyuma tu. Kumbe vyuma gani, anaponya bantu!" Akamgeukia Laurentine. "Si njo vile, mama?"

"Mm," Laurentine akasema.

Neno lenyewe ni hilo tu, na hata si neno. Baadaye alijaribu kukumbuka kama alilisema kwa kukubali au kwa kushindwa kusema, na hakuweza. Akampiga Albertine foto mbili. Kwenye foto ya kwanza mama yule alikuwa anatabasamu, ikabidi warudie, maana foto ya kitambulisho haitaki tabasamu.

Wakati wa kutoka Albertine aliona karatasi ukutani: filamu ya Mkono kwa Mkono ingeonyeshwa Jumapili ya wiki inayofuata, baada ya misa ya pili, kwenye ukumbi wa parokia.

"Nitakuja na bantu yangu yote," akasema.

Laurentine alifunga studio akaenda mbio ghalani kumwonya Faustin. Faustin hakuwepo. Asubuhi ile papa Gérard alikuwa amemtuma kijijini Lukafu pamoja na wenzake wawili, kuwafundisha wakulima wa huko kusafisha visima. Wangerudi siku ile ile ya filamu. Laurentine akapiga simu, akaambiwa haipatikani. Akapiga siku nne mfululizo. Akatuma ujumbe ambao aliufuta na kuuandika upya mara sita, kwa kuogopa utasomwa na mtu mwingine. Haukufika.

Sasa afanye nini? Akimwacha Faustin nje ya filamu, Albertine atauliza. Akimrudisha, amevunja ahadi, na mtu aliyemwamini atajikuta mbele ya mji mzima bila kujua. Alifikiria kusema umeme umeharibu masini. Alifikiria kuugua. Akatengeneza filamu mbili, moja yenye Faustin na moja isiyo naye, akaziweka kwenye funguo mbili za kompyuta, yaani flashi, nyekundu na nyeusi. Jumapili akaenda nazo zote mbili mfukoni, na wakati wa misa mkono wake haukutoka mfukoni.

Ukumbi ulijaa. Albertine alikaa mstari wa pili na mawifi wawili, majirani, na wamama wa sokoni, wote wamevaa kwa sherehe. Papa Gérard alitoa shukrani ndefu. Kisha akamwashiria Laurentine, na Laurentine akachomeka ufunguo mweusi, usio na Faustin. Ahadi ni ahadi, alijiambia, ingawa alijua pia kwamba alikuwa anachagua lile ambalo lawama zake zingechelewa kidogo kufika.

Filamu ikaenda dakika ishirini na sita. Watu walicheka mahali pa kucheka, wakanyamaza mahali pa kunyamaza. Kuelekea mwisho mlango wa nyuma ulifunguka, wakaingia watu watatu wamejaa vumbi la njia, na mmoja wao alikuwa Faustin. Akasimama ukutani. Alitazama filamu, akaona hayumo, akashusha pumzi. Hakuwaona watu wa mstari wa pili.

Makofi yalipoisha Albertine akasimama.

"Pardon, mama ya kamera," akasema, kwa sauti ya mtu anayeuliza chenji sokoni. "Bwana yangu iko wapi? Nilimuona mu masini yako na macho yangu."

Ukumbi ukamgeukia Laurentine. Laurentine akamwangalia papa Gérard, kama vile mzee ndiye aliyeulizwa.

"Bwana yako njo nani, mama?" papa Gérard akauliza.

"Faustin Ngosa."

Mzee akafungua mikono kwa furaha. "Mama! Weye njo muke ya Faustin? Miaka mine yote hakutuonyesha weye!" Kisha akakunja uso. "Lakini ni kweli, Laurentine. Faustin iko wapi? Umemusahau namna gani, mutu kama yule? Bantu bote, sikieni. Ule bwana anatumika na siye kila siku. Kila siku! Asubuhi mpaka jioni, miaka mine, na hakuna mutu amemulipa hata kintu. Hata siku ninamwambia apumuzike, anakuja."

"Kila siku?" Albertine akauliza.

"Kila siku, mama."

"Na kampuni?"

"Kampuni gani?"

Watu wa mbele waliusikia ukimya uliofuata. Wa nyuma hawakuusikia, maana mmoja wao alikuwa amemwona Faustin ukutani na kuanza kupiga kelele, "Huyu hapa! Huyu hapa!" Wakamsukuma mbele kwa mikono. Faustin akaja kati ya viti, kofia mkononi, vumbi la Lukafu kwenye nyusi. Alimtazama mke wake, kisha akamtazama Laurentine, na Laurentine anasema jicho lile halikuwa na hasira. Lilikuwa jicho la mtu anayeuliza njia.

"Mama Gracia," Faustin akasema. "Tuende ku nyumba."

 Albertine akachukua pochi yake, akampita mumewe bila kumgusa, akatoka nje kwenye jua. Faustin akamfuata, hatua kumi nyuma. Na ukumbi mzima, ukidhani umeona mwanamke aliyezidiwa na furaha, ukasimama ukapiga makofi.

Papa Gérard alimkasirikia Laurentine wiki nzima. Alimwambia amempokonya mtu wake bora kwenye filamu yake mwenyewe. Laurentine alivumilia bila kujieleza, kwa sababu hakujua kama ahadi ya kunyamaza ilikuwa bado na nguvu au ilikufa siku ile ukumbini.

Siku ya kumi Albertine alikuja studio peke yake. Hakuketi.

"Nionyeshe," akasema.

"Nini, mama?"

"Yote. Ile uliyokata."

Alikuja mchana, siku tatu mfululizo, akakaa kwenye kiti cha picha za kitambulisho, akatazama. Laurentine alikuwa amezoea wateja wanaojitafuta wenyewe kwenye picha. Huyu alikuwa anamtafuta mtu mwingine. Siku ya kwanza alitazama mpaka giza likaingia. Siku ya pili, Faustin alipoanza kuyatangaza mashimo na watoto wa mashimo, alicheka kwa nguvu, akaziba mdomo kwa kitenge, na bega lake likaendelea kutikisika muda mrefu, na Laurentine hakuweza kujua kama bado ni kicheko.

"Anaimba," Albertine akasema baadaye. "Ku nyumba haimbake. Anafika, anakula bukari, ananyamaza. Miye nilisema ni uchovu ya chuma. Nilikuwa nawaambia batoto, mumuache baba, chuma imemuchokesha." Akasimamisha picha mwenyewe, kwa kidole, kama alivyomwona Laurentine akifanya. "Huyu mutu, mama, ni nani?"

"Sijui."

"Weye umekaa naye miezi mbili na kamera ku uso yake."

"Sijui, mama Albertine."

Siku ya tatu alifika kwenye ile picha ya asubuhi, Faustin anaivua salopeti na kuikunja. Akaitazama mara nne.

"Ile salopeti, naifua miye," akasema. "Kila Jumapili. Ilikuwa safi, na miye nilijisifu, nasema ninajua kufua." Kisha akamgeukia. "Ile siku ya foto, ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukasema mm."

"Nikasema mm."

"Juu ya nini?"

 Laurentine akaona kila sababu aliyo nayo ni ya mtu anayejitetea.

"Sikujua kingine cha kusema."

Albertine akaitikia kwa kichwa, polepole. "Miye vile vile," akasema. "Siku kumi na mbili sasa. Asubuhi nataka kumufukuza. Saa sita nataka kumupikia samaki. Jioni sitaki kumuona. Hata kukasirika sijui nikasirike na nini. Kama angekuwa na muke mwingine, ningejua kazi ya kufanya."

Wiki iliyofuata Albertine alipanda lori kwenda Pweto kununua samaki, safari ambayo kwa kawaida aliwaachia kaka zake, akakaa huko karibu mwezi. Laurentine alimwona Faustin ghalani kila siku. Sasa alikuja na shati la kawaida, bila salopeti na bila kofia ngumu, na alionekana kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Alisukuma mkokoteni kama zamani. Hakuimba. Alipoulizwa habari za mama Gracia, alisema, "Iko Pweto," na alipoulizwa atarudi lini, alisema tena, "Iko Pweto."

Mwishowe Albertine alirudi. Hakuna aliyejua walichosemezana. Kilichoonekana ni hiki tu: asubuhi Faustin akawa anabeba magunia ya samaki sokoni mpaka saa nne, mke wake akimwelekeza mbele ya watu wote bila kumhurumia, na baada ya saa nne anakwenda kwa volontere. Wengine sokoni walisema amesamehewa. Wengine walisema anaadhibiwa. Laurentine aliwaona siku moja wakigawana karanga juu ya gunia, kila mmoja akiangalia upande wake, akashindwa kuchagua.

Papa Gérard bado alitaka filamu yake, maana kulikuwa na watu wa kuonyeshwa. Laurentine akawaita Faustin na Albertine studio, akawaketisha mbele ya masini, akaweka filamu yenye Faustin ndani. Alitaka waamue wao. Walibishana karibu saa mbili. Faustin alikubali uso, alikubali sauti, lakini hakutaka picha ya salopeti. Albertine alisema bila ile picha ya salopeti afadhali wasionyeshe kitu.

"Bantu watacheka," Faustin akasema.

"Bacheke."

"Hawataelewa, Mama Gracia."

"Na miye, nilielewa? Bakae vile nilikaa."

Filamu ilikamilika mwezi wa tatu tangu ile Jumapili ya ukumbini, na salopeti imo, sekunde kumi na mbili, bila maneno yoyote juu yake. Imeonyeshwa parokia tatu na mara moja Golf, kwenye sebule ya mteja wa zamani wa Laurentine. Papa Gérard alipata mikokoteni miwili mipya kutokana nayo. Watu wakiiona ile picha ya mtu anayekunja nguo asubuhi, wengi humuuliza Laurentine maana yake ni nini, na yeye huwaambia kwamba huyo ni volontere anabadilisha nguo. Mara nyingine wanatosheka. Mara nyingine wanaendelea kumwangalia, wanangoja aongeze kitu, naye anainama kukusanya nyaya zake.